Ditekta ya metali ya bei ya kati kwenye mashamba ya Norfolk: uzoefu wangu

Tangu nianze kuweka kwenye status picha za sarafu ninazofukua kwa ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, swali kutoka nyumbani Tanzania ni lile lile: "Vipi, umeipata mali ya Mjerumani?", yaani ile hazina inayosemwa wakoloni wa Kijerumani waliizika kwetu. Jamani, Norfolk ni mashariki mwa Uingereza. Mjerumani hakuzika kitu huku. Waliozika ni Warumi, waliowatangulia na waliokuja baada yao, na mengi yaliyomo ardhini hayakuzikwa hata kidogo: yalidondoka tu mfukoni mwa mtu akilima au akirudi kutoka sokoni.

Ninayotumia ni ditekta ya frikwensi moja, niliyoinunua kwa pauni zisizofika 300. Jina la kampuni naliacha, maana mashine za bei hii zinafanana sana.

Inavyofanya kazi ni hivi. Koili ya chini, yaani duara la waya, inatoa uga wa sumaku. Ikipita juu ya metali, umeme mdogo unazunguka ndani ya metali hiyo na kurudisha ishara iliyochelewa kidogo. Kwa kupima ule ucheleweshaji, mashine inakupa namba kwenye skrini na mlio masikioni. Misumari huangukia chini, fedha na shaba nyekundu hupanda juu. Balaa liko katikati, kwa sababu dhahabu ndogo inagongana namba na kile kipete cha kufungulia kopo la soda, wakati mwingine hata na karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara. Ukiiamuru mashine inyamaze kwenye vipete, umeinyamazisha na kwenye pete ya ndoa ya mtu wa karne ya 17. Kwa hiyo unafukua. Nimefukua vitako vya maganda ya risasi za wawindaji, vifungo vya makoti, vipande vya trekta, na vipete vya soda vya kutosha kufungua kiwanda.

Usiamini sana maneno ya maboksi kuhusu kina. Sarafu ndogo naisikia vizuri hadi kama urefu wa kiganja, ikizidi kidogo ni pale ardhi ina unyevu. Uzito sina lalamiko, naipunga nusu siku bila mkono kufa ganzi. Koili inavumilia maji ila kisanduku cha skrini hakivumilii, na mvua ya huku haipigi hodi, basi nakivisha mfuko wa nailoni. Kama hela ni ya kubana, punguza kwenye ditekta ununue na kile kijiti cha mkononi cha kunusia metali ndani ya shimo. Bila hicho utapekua bonge la udongo kwa vidole huku baridi inakung'ata, na kitu chenyewe kina rangi ile ile ya udongo.

Mashine si tatizo. Tatizo ni shamba. Huruhusiwi kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ridhaa yake, na maeneo ya kale yaliyolindwa kisheria hayaguswi kabisa. Nikajiunga na National Council for Metal Detecting, kwa kuwa uanachama wao unakuja na bima, na mkulima akisikia neno bima uso unalegea. Hata hivyo milango mingi ilifungwa kwa adabu. Aliyekubali ni mzee mmoja wa shamba la shayiri: tuliandikiana kugawana nusu kwa nusu nitakachopata, mashimo yafukiwe, na niingie baada ya mavuno kabla hajapanda tena.

Kwenye shamba hilo ndiko nilikopata kitu ninachokipenda kuliko vyote, sarafu ya fedha ya peni sita ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, nyembamba kama jani, mwaka 1573 ukisomeka na waridi dogo nyuma ya kichwa chake. Mzee aliigeuza mkononi muda mrefu, akaniambia babu yake alilima pale pale. Kwa sheria, sarafu moja ya namna hiyo kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina. Niliipeleka kwa afisa wa kumbukumbu za vitu vya kale wa eneo letu, akaipima, akaipiga picha, akanirudishia. Thamani yake haifiki hata bei ya ditekta.

Hazina kamili zipo. Mwaka 1992 huko Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikwenda kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani, akakutana na sarafu za Kirumi karibu 15,000 pamoja na vyombo vya fedha na mapambo ya dhahabu. Hakuchimba mpaka mwisho, aliita wataalamu. Fidia ilikuwa pauni milioni 1.75, akagawana na rafiki yake huyo, mkulima wa shamba hilo. Nyundo nayo ilipatikana, ikaishia British Museum pamoja na dhahabu! Ukipata kitu cha aina hiyo, Sheria ya Hazina ya 1996 inakupa siku 14 kutoa taarifa. Wanaume wawili waliouza kimya kimya sarafu za enzi ya Waviking walizopata karibu na Leominster walifungwa jela mwaka 2019, ilhali wangetoa taarifa wangelipwa.

Sasa kwa ndugu wanaotaka niwatumie mashine hii. Udongo mwekundu wenye chuma kingi utaifanya ipige kelele mchana kutwa. Wanaotafuta dhahabu kwenye udongo huo hutumia ditekta za mapigo, zile zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi, na bei yake ni mara kadhaa ya hii. Na mali ya Mjerumani? Mimi mwenyewe naitamani ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli. Lakini kuchimbua vitu vya kale bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Binamu yangu wa Chunya kasema basi yeye atatafuta dhahabu tu, niongezee hela anunue ya mapigo. Nimemwambia anionyeshe leseni kwanza.