Spika ya Peavey Nashville 400: Niliyoyaona Katika Kuifunga Koili Upya na Kuibadilishia Fremu

Ninapiga gitaa la stili lenye pedali (gitaa linalolazwa mbele ya mpigaji, ambaye huteleza kipande cha chuma juu ya waya zake) katika ibada ya Kiswahili ya kanisa letu huko Nsambya, Kampala, na amplifaya ninayoitumia ni Peavey Nashville 400 ya miaka ya 1980, tuliyoachiwa na mpiga stili Mmarekani aliporejea kwao. Ndani yake mna spika moja tu ya inchi 15, Black Widow 1501 ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na ndiyo iliyoungua. Nimeitengenezesha kwa njia mbili tofauti, katika karakana mbili tofauti, na kwa kuwa wapo wapigaji wengine hapa mjini wanaohangaika na vyombo vya umri huu, nimeona vema niandike yaliyonipata.

Spika ya stili haifanyi kazi ile ifanywayo na spika ya gitaa la umeme la kawaida. Mpiga gitaa la kawaida mara nyingi hutafuta mkwaruzo, na spika inayolemewa kidogo humpendeza. Mpiga stili anataka sauti safi hata anapokanyaga pedali ya sauti hadi mwisho, kuanzia waya wa chini kabisa wa mpangilio wa C6 (mojawapo ya namna za kutyuni stili), unaotetemeka kama hezi 65, hadi noti za juu sana ambazo chuma huzifikia karibu na daraja la gitaa. Ndiyo maana Nashville 400 ina wati 210, na ndiyo maana spika yake imepewa koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) yenye kipenyo cha inchi 4 na kofia ya alumini katikati ya koni. Kofia hiyo wengi huidhani ni pambo. Si pambo: sehemu kubwa ya mng'ao wa noti za juu hutoka hapo.

Siku ilipoungua, amplifaya ilitoa mngurumo mzito, ikafuata harufu ya vanishi iliyochomeka, kisha kimya. Spika nzima ya omu 4 ikipimwa kwa mita husoma omu tatu na kitu. Yetu haikusoma chochote, maana yake waya wa koili ulikuwa umekatika.

Karakana ya kwanza, ambayo sitaitaja, ina sifa ya kutengeneza spika za disko, na kazi yake ilikuwa ya haraka na ya bei nafuu. Tatizo lilikuwa vipuri. Koili iliyokuwamo dukani ilikuwa ya omu 8, nayo ndiyo iliyofungwa bila sisi kuulizwa, pamoja na koni ya karatasi nene na kofia ya karatasi. Amplifaya ya transista ikifungwa kwenye omu 8 badala ya 4 hutoa zaidi kidogo ya nusu ya nguvu yake. Sikio halihesabu jambo hilo kama nusu, kwa hiyo upungufu wa sauti ningeuvumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba noti za juu zilizimika kama mtu aliyefunikwa blanketi, na kwamba noti za chini zilikuja na sauti ya kukwaruza. Ukisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ulisikia koili ikigusa chuma. Fundi makini huiweka koili katikati ya mwanya wa sumaku kwa vipande vyembamba vya plastiki, akavitoa baada ya gundi kukauka, ndipo akafunika kofia. Hapa ama hatua hiyo ilirukwa, ama gundi haikupewa muda.

Karakana ya pili iko Katwe, na mwenyewe ni fundi kutoka Bukavu ambaye mwanakwaya mmoja alinielekeza kwake. Nilipompelekea spika peke yake, alikataa kuipokea.

“Mwalimu, spika haijiunguzi,” aliniambia. “Niletee na amplifaya yake, la sivyo tutachoma koili ya tatu.”

Kwangu mimi kauli hiyo peke yake ilistahili malipo. Katika amplifaya ya transista za aina hii, chanzo cha kawaida cha koili kuungua ni transista ya kutoa nguvu inapoharibika na kuruhusu umeme wa mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, kwenda moja kwa moja kwenye spika. Koili haiwezi kuugeuza umeme huo kuwa sauti. Husukumwa upande mmoja tu, ikakaa hapo na kuchemka. Fundi aliiwasha amplifaya bila spika, kupitia balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo ili kama kuna shoti balbu iwake badala ya kitu kuungua, na kwa kuwa mashine ni ya volti 120 alitumia transfoma yetu ya kushusha umeme wa volti 240. Mwanzoni sehemu ya kutolea sauti ilisoma milivolti chache, kama inavyotakiwa. Alipogonga ubao kwa mpini wa bisibisi, mita iliruka. Viungo vya risasi chini ya transista za nguvu vilikuwa vimepasuka kwa joto la miaka mingi, na transista moja ilikuwa inavuja. Alilehemu upya, akabadilisha transista, akaiacha mashine ikiwaka mchana kutwa kabla ya kuzungumzia spika.

Kuhusu spika yenyewe, ushauri wake ulikuwa tusifunge koili tena. Black Widow ilibuniwa kwa namna ambayo fremu, ikiwa na koni na koili yake tayari, hufungwa kwa bolti kwenye sumaku. Ukifungua bolti, fremu yote inatoka na sumaku inabaki. Unasafisha mwanya kwa utepe wenye gundi ili kuondoa vumbi la chuma, unaweka fremu mpya, unakaza bolti kidogo kidogo kwa kupishanisha pande, kazi imekwisha. Niliagiza fremu ya omu 4 yenye kofia ya alumini kutoka Marekani. Kwa kuwa sumaku, iliyo nzito kuliko vyote, haikusafiri, nauli haikutisha. Kilichouma ni ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, pamoja na kungojea. Jumla ilizidi mara nne ya malipo ya karakana ya kwanza. Nilifikiria pia kununua Eminence EPS-15C, spika iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya stili, lakini hiyo ingekuja na sumaku yake, na kulipia usafiri wa chuma ambacho tayari tunacho kanisani ni jambo ambalo mweka hazina wetu asingelikubali, nami nisingemlaumu.

Sauti imerudi. Majuma ya mwanzo koni ilikuwa ngumu kidogo na besi ilikuwa fupi, kisha ikalegea. Noti za juu zinang'aa bila kuchoma masikio, na C6 ya chini inasimama wima. Katika huduma ya fundi wa Katwe nina lalamiko moja: haandiki stakabadhi inayoeleza kilichobadilishwa, na ilinibidi niandike mwenyewe aina ya transista ili atakayefuata ajue.

Mwenye amplifaya ya Fender yenye spika ya JBL D130F asidhani njia hii itamfaa. Spika hiyo haina fremu ya kufungua kwa bolti namna hii, koili yake ni ya utepe bapa wa alumini uliozungushwa kwa ubavu, na sumaku yake ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) inaweza kuwa imepungua nguvu, hivyo hufaa ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuichaji upya wakati koni inapobadilishwa. Tena JBL za zamani zina kinyume chake: ukigusisha betri ya volti 1.5, chanya kwenye terminali nyekundu, koni huingia ndani badala ya kutoka, na fundi asiyelijua hilo atadhani imefungwa vibaya.