Keria kwenye baiskeli isiyo na matundu: nimeijaribu kwa dumu la maji

Haya, karibuni tena. Baiskeli hii ni ya mtumba, ya gia, fremu ya alumini. Iko vizuri, ila sogeeni muone hapa karibu na ekseli ya nyuma: hakuna tundu la kufungia keria. Na juu, chini ya siti, hakuna. Aliyeiunda aliwaza kupanda milima, hakuwaza unga.

Kwa fundi wa kuchomelea usiende, nakuomba. Alumini ikipigwa moto inapoteza ugumu wake pale pale palipochomwa. Kutoboa ndiyo usithubutu kabisa.

Nimenunua vitu viwili. Cha kwanza, keria ya kubana kwenye bomba la siti. Unaifunga dakika tano, alenki moja tu. Imeandikwa kilo 10. Nimeweka kilo sita za mchele, nimezunguka mtaa mara mbili, tazameni: imeshageukia ubavuni kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi! Mzigo wote unaning'inia kwenye bano moja. Kwa koti la mvua sawa, kwa sokoni hapana. Na bomba la siti likiwa la kaboni, hii usiifunge.

Cha pili ndicho kilichonifanya niwashe kamera. Klampu nne, chuma kilichokunjwa kama sikio na kuvikwa raba, za kushikia keria ya kawaida yenye miguu. Muuzaji aliniambia zinaingia baiskeli zote. Wapi! Nilirudi kubadilisha. Pima kwanza: zungusha uzi kwenye bomba jembamba la fremu, lile linaloshuka kutoka chini ya siti hadi ekseli ya nyuma, urefu wake ugawe kwa 3.14. Wangu ulitoka milimita 50, kwa hiyo bomba ni kama 16.

Kazi kubwa iko kwenye klampu za chini. Hizo ndizo zinazobeba. Za juu zinazuia keria isilale nyuma tu. Zishushe mpaka pale bomba linapokaribia ekseli. Bolti ni za milimita 5, spana namba 8, na nati chukua zile zenye plastiki ndani, hazilegei ovyo. Upande wa mnyororo, kichwa cha bolti kikae ndani, nati nje. Ukigeuza, mnyororo ukishuka kwenye gia ndogo utakwaruza ncha ya bolti.

Sasa jaribio. Chini ya kila klampu nimebandika plasta nyeupe, ikiteleza nitaona. Dumu la lita 20, yaani kilo 20, na matuta ya mtaani kwetu mnayajua. Raundi ya kwanza, kwa raba yake yenyewe ya dukani: klampu ya kulia imeshuka milimita nne. Raba ni ngumu, inateleza kwenye rangi. Nikafungua, nikakata tyubu kuukuu, nikazungushia bomba, nikabana upya. Raundi ya pili, dumu lile lile, matuta yale yale: plasta haijaguswa.

Kwa hiyo klampu nazikubali, raba yake siikubali.

Kinachonikera ni kisigino. Mfuko wa pembeni ukijaa, mguu wa kulia unaugonga kila nikikanyaga pedeli. Nimesogeza mfuko nyuma hadi mwisho wa keria. Nikivaa buti bado unagusa. Nikivaa ndala, haugusi.