Kipima sauti cha sebuleni: tafuta chenye C

Nianze na jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Ukienda kununua kipima sauti kwa ajili ya spika za nyumbani, usianze na bei wala ukubwa wa kioo. Tafuta kitufe kilichoandikwa A/C, cha kuchagua chujio la A au la C. Kisipokuwepo, kirudishe kifaa kwenye boksi, mshukuru muuzaji, nenda duka la pili.

Vipima sauti vingi vya bei nafuu vimetengenezewa watu wa usalama kazini na wakaguzi wa kelele. Hao wanahitaji chujio la A, linalofuata jinsi sikio la binadamu linavyosikia sauti ndogo: linazipa heshima sauti za kati na kuzikata zile nzito. Hezi ni kipimo cha uzito wa sauti, zikiwa chache sauti ni nzito; desibeli ni kipimo cha ukubwa wake. Kwenye hezi 1,000 halikati kitu. Kwenye hezi 100 linakata desibeli 19, na kwenye hezi 50, pale sabufa inapofanya kazi yake, linakata desibeli 30. Chujio la C, kwenye hezi 50 hiyohiyo, linakata desibeli moja na kidogo.

Rafiki yangu wa Tabata ana chenye A peke yake. Tulikiweka kwenye kochi lake, tukapandisha sabufa mpaka glasi za kabatini zikaanza kugongana, na namba kwenye kioo ikapanda kwa desibeli moja. Tukazima sabufa kabisa. Ikarudi palepale ilipokuwa. Mtu angekiamini kifaa kile angeendelea kuongeza besi mpaka mwenye nyumba aje na barua.

Changu nimekinunua Kariakoo kwa shilingi 75,000, baada ya kuanziwa laki moja na ishirini. Chapa siitaji kwa sababu haina maana: umbo hilohilo, vitufe vilevile, linauzwa kwa majina tofauti kutegemea kontena limetoka kwa nani. Kinapima desibeli 30 hadi 130, kina A na C, kina Fast na Slow (namba kubadilika haraka au polepole), kina MAX ya kushikilia namba ya juu, na nyuma kina tundu la skrubu ya tripodi ya kamera. Hilo tundu usilidharau, nitaeleza. Ndani ya boksi kuna kofia ya sponji ya kuvisha maikrofoni, betri ya volti tisa ambayo ilikuja ikiwa nusu mfu, na kitabu cha maelezo kilichoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Kimeandikwa kwamba usahihi wake ni desibeli 1.5 juu au chini. Huenda, huenda sivyo. Viwango vya kimataifa vya vifaa hivi ni IEC 61672, vyenye daraja la 1 na la 2, na kifaa halali huja na cheti. Changu kimebandikwa "Class 2" kwa stika tu. Kuna kifaa cha kuhakikishia, kinachovishwa kwenye maikrofoni na kupiga desibeli 94 kamili kwenye hezi 1,000, lakini bei yake inaweza kupita ya kipima chenyewe. Mimi sijahangaika nacho. Kazi ya sebuleni ni kulinganisha spika na spika, na kama kifaa kinakosea, kinakosea sawasawa kwa zote. Anayetaka kupeleka vipimo mahakamani ndiye anunue cha cheti.

Matumizi sasa. Risiva nyingi za sinema ya nyumbani, yaani amplifaya inayoendesha spika zote, zina sauti ya majaribio, ile ya shhhhh kama redio iliyopoteza stesheni. Jina lake pinki noizi. Inapita spika moja baada ya nyingine. Unaweka kipima kwenye C na Slow, unakifunga kwenye tripodi pale kichwa chako kinapokaa ukiketi, maikrofoni usawa wa masikio na ikitazama dari, halafu unasogea pembeni. Ukikishika mkononi, mwili wako nao unarudisha sauti na namba inacheza. Desturi ni kuongeza au kupunguza kila spika kwenye menyu ya risiva mpaka zote zisome 75. Zima panga boi kwanza. Kwangu panga boi namba tatu pekee, bila muziki, linasoma 52 kwenye A, na upepo wake ukigonga maikrofoni isiyo na sponji namba inaruka hovyo.

Hapa ndipo shilingi 75,000 zilirudi. Spika ya kushoto ilisoma 75, ya kulia 73, na ya katikati, ile inayobeba maneno ya waigizaji, ilisoma 69. Ilikuwa imesukumwa ndani ya shelfu la kabati la televisheni, nyuma ya king'amuzi. Mama watoto alikuwa analalamika siku zote kwamba filamu za nyumba hii watu wananong'ona, kisha gari likilipuka mtoto anaamka. Rimoti haimtoki mkononi, anapandisha, anashusha. Nikaivuta spika mpaka ukingo wa shelfu, ikapanda hadi 71, zilizobaki nikamalizia kwenye menyu. Malalamiko yakahamia kwenye chaguo la filamu.

Sabufa ni habari nyingine, na ndiyo iliyonipa raha zaidi. Maikrofoni za bei hii hulegea kwenye besi nzito, kwa hiyo ya kwangu naiachia isome 73, siisukumi mpaka 75. Lakini jambo kubwa ni mahali pa kukaa. Sebule yangu ina upana wa mita tatu na nusu, kuta za tofali, sakafu ya vigae. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, kwa hiyo nusu yake inajaa sawasawa kati ya ukuta na ukuta. Matokeo yake ni kwamba kwenye kuta besi inajaa na katikati ya chumba inakufa. Nilipiga hezi 50 mfululizo kutoka kwenye simu kupitia sabufa, nikatembea na kipima kutoka ukuta mmoja kwenda wa pili: 84 ukutani, ikashuka, ikashuka, 68 katikati, ikapanda tena. Na kochi langu lilikuwa wapi? Katikati, chini ya taa, kwa urembo. Kulisogeza hatua moja kuelekea ukutani kulinipa besi ambayo sabufa mpya isingenipa.

Nikiwa hapohapo kwenye sabufa: zile boksi za madukani zilizoandikwa "PMPO 10,000W", namba ya wati iliyotiwa chumvi, acheni. Nguvu ya amplifaya ikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, na sikio linahitaji karibu desibeli 10 ili lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili. Mtu akikwambia cha kwake kina wati mara mbili ya chako, toa kipima mfukoni, mwambie apige. Ugomvi utaisha bila maneno.

Mtu atauliza, si kuna programu za bure kwenye simu? Zipo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, ina yake nzuri, lakini ni ya iPhone tu, na kuna sababu: simu za Android zina maikrofoni za kila aina. Nimeweka simu mbili za Android bega kwa bega, programu ileile, zikapishana desibeli 7. Isitoshe maikrofoni ya simu imetengenezewa maongezi, na simu nyingi huikata besi kabla programu haijaipata. Kwa kulinganisha kushoto na kulia inafaa. Kwa sabufa, hapana.

Matumizi ambayo sikuyategemea ni ya jirani. Alilalamika kuhusu muziki wa Jumamosi, nami kwa masikio yangu niliona sauti ni ya kistaarabu. Nikaomba ruhusa, nikaenda kupima kwenye korido yake. A: 46. C: 67. Tofauti ya desibeli 21 kati ya A na C maana yake kinachomfikia ni besi tupu. Ukuta umezuia waimbaji, umempitishia gitaa la besi la taarabu usiku kucha, bila hata utamu wa maneno. Sasa ikifika saa nne nashusha sabufa peke yake desibeli 8, spika nyingine naziacha. Hajaja tena.

Na kwa masikio yako mwenyewe rudi kwenye A, kwa kuwa mipaka ya afya imeandikwa kwa A. NIOSH wanasema 85 kwa saa nane, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili. Kwenye kipaimara cha mpwa wangu nilisoma 97 kwenye meza ya wazee. Wazee wale walikaa pale mchana mzima.

Kasoro za kifaa: kioo hakina taa, na kinajizima chenyewe kila baada ya dakika chache, mara nyingi ukiwa ndiyo kwanza umefika kwenye spika ya tano. Betri itoe ukikihifadhi. Ukijikuta unataka kuona kila hezi kwenye grafu, utakuwa umeshakizidi kifaa hiki. Hapo nunua maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP, inayokuja na faili lake la masahihisho, na programu ya bure ya REW, inayochora grafu hizo, kwenye kompyuta. Mimi bado sijafika huko, na mama watoto ameshauliza bei.