Niliwaambia nataka kamera ya kupamba, wakaniuzia ya mpirani

Nilingoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mpiga picha wa shughuli za wanawake hapa Mombasa. Anayeijua kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake ya kumtoa bi harusi, anajua nasema nini: ni usiku, wanaume hawaingii, mabuibui yanavuliwa, simu za wageni mara nyingi zinazuiwa mlangoni. Mpiga picha anatakiwa awe mwanamke, tena mwenye amana, maana sura zile si za kutoka nje. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikodi kamera, hadi nikapiga hesabu nikaona pesa za kukodi zingeshanunua yangu. Nikajibana, zamu yangu ya chama ikafika, nikawa na 70,000 mkononi.

Nikaenda duka moja la mjini na mpwa wangu, kijana wa miaka 19. Nikamwambia muuzaji maneno haya haya: "Nataka kamera ya kupigia ukumbini usiku, mwanga mdogo, watu wanatembea na kucheza. Nina elfu sabini." Muuzaji hakunijibu. Alimgeukia mpwa wangu. "Mwambie mamako achukue hii. Megapikseli 24, lenzi mbili, begi na tripodi, zote 68,000." Mimi nimesimama pale pale, pochi iko kwapani mwangu.

Nikauliza kama itaweza giza. Akampa mpwa wangu kamera, akasema, "Piga uone." Kijana akapiga rafu za duka, picha ikatoka safi kama maji. Lakini duka lile lina taa nyeupe juu, chini na ndani ya kila kabati la kioo! Hata simu mbovu ingetoa picha safi mle. Ukienda kununua, toka na kamera hadi kwenye ngazi za jengo, mahali penye balbu moja, umpige mtu anayepanda. Wakikukataza kutoka nayo, ondoka.

Jina la kampuni iliyotengeneza kamera silitaji, kwa sababu ugomvi wangu si na kiwanda.

Kupamba ya kwanza niliyokwenda na kamera hiyo ilikuwa ya binti wa jirani, watu walionilea. Bi harusi akatolewa, vigelegele, taa kuu zikazimwa, zikabaki za rangi kwenye jukwaa na moja inayomfuata yeye. Anakuja taratibu, mamake yuko mbele anamngoja. Mimi niko na ile lenzi fupi ya 18-55 (ni milimita, namba ikipanda picha inavutwa karibu) nimeivuta hadi mwisho, na mwisho wake ni f/5.6, yaani tundu dogo, mwanga unaingia kwa kubanwa. Nimepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuushika mwanga, hadi 6400, picha ni chengachenga tupu, na bado kasi ya shata iko 1/30 ya sekunde. Kwa 1/30 mtu anayetembea hashikiki. Uso wa yule mtoto ulitoka kama umepakwa kwa kidole kilicholowa. Nikabadilisha, nikaweka lenzi ya pili, ile ndefu ya 75-300 aliyoisifu sana, ya kuwavuta wachezaji wa mpira uwanjani mchana. Mbaya zaidi, maana hiyo ukiivuta hadi mwisho inafika f/5.6 hiyo hiyo, na kila mtikisiko wa mkono unakuzwa pamoja na picha. Flashi ya kamera nayo ikamwosha uso ukawa mweupe kama karatasi, nyuma kukawa shimo jeusi.

Mamake alimkumbatia pale chini ya jukwaa. Nina picha sita za kumbatio lile. Hakuna hata moja yenye macho.

Siku chache baadaye nikarudi dukani. Sikutaka hata pesa, nilitaka anibadilishie ile lenzi ndefu na nyingine ya kufaa giza, niongeze kilichopungua. Nilikuwa nimeweka kadi yenye picha za jukwaa na viti tu. Akaziangalia, safari hii akaniangalia na mimi. "Mama, mbona kiti kinaonekana vizuri?" Nikamwambia kiti hakitembei. Akasema, "Basi lete picha za watu nione." Nikamweleza kwamba za watu hazitoki, ni wanawake hawana mitandio, nimepewa amana. Akacheka. Akamwambia mwenzake kwa sauti duka zima lisikie: "Huyu analalamikia picha ambazo haruhusu zionekane." Kisha akageuza risiti, akaweka kidole pale palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Kicheko kile ndicho kilichoniuma. Anauza kamera Mombasa, wateja wake wanawake wanapiga shughuli za wanawake kila wikendi, na hajui au hajali kwamba picha zetu hazionyeshwi kaunta? Heshima yangu kwa watu wangu aliifanya ndiyo ushahidi wa uongo wangu.

Nilikuwa nimekusudia kuandika hapa kwamba kamera ni takataka, msinunue. Siwezi, kwa sababu haitakuwa kweli. Dada mmoja wa kazi hii aliniuzia lenzi iliyotumika, ya 50mm f/1.8, ndogo, unaifumba kiganjani. Elfu kumi na moja. Tundu lake likifunguka lote linaingiza mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6. Kamera ile ile, giza lile lile, ISO ile ile, kasi ikaruka kutoka 1/30 hadi 1/250. Nilipiga kupamba iliyofuata nikaona kope za bi harusi, moja moja. Nilikaa kitandani usiku ule nazivuta picha kwenye skrini nikalia, kwa furaha na kwa uchungu wa ile ya kwanza.

Lenzi hiyo ina tabu yake. Haivuti, ukitaka kumsogeza mtu utasogea wewe, na kwenye kamera za daraja hili, zenye kihisi kidogo, 50mm inavuta karibu kama ya 80 hivi, basi picha ya ukoo mzima nalazimika kurudi nyuma hadi ukutani. Za makundi napiga na ile 18-55, taa za ukumbi zikiwashwa.

Basi kwa 70,000 ningeweza kununua kamera iliyotumika, kongwe kidogo, na lenzi hiyo moja, nikabaki na chenji. Megapikseli 24 za nini? Picha ya albamu ya inchi 8 kwa 12 kwa nukta 300 kila inchi inataka pikseli 2400 kwa 3600, haifiki hata megapikseli 9. Aliyaimba megapikseli kwa sababu ni namba kubwa iliyochapwa kwenye sanduku. Begi limeshakatika zipu. Tripodi haijapata kuingia ukumbini, watoto wangeipiga teke.

Nilitaka pia kusema si wote dukani walio wabaya, maana kijana wa stoo alinibebea sanduku hadi kwenye tuktuk akaniita shangazi kwa adabu. Nikikumbuka kile kicheko naifuta sentensi hiyo. Mwenye duka alikuwepo, alisikia, akaendelea na simu yake.

Mamake bi harusi hajanilaumu hata siku moja. Juzi alinisimamisha njiani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile niliyomkumbatia haikutoka kabisa?" Nikamjibu, "Haikutoka, mama."