Kipilefti au taa: njia panda ya mtaa iwekwe nini?

Kwenye makutano ya barabara nne, taa huacha sehemu 32 ambako njia za magari zinaingiliana. Kipilefti chenye mstari mmoja wa magari hubakiza 8. Naanzia hapo, maana ajali mbaya ya kwenye taa ni ya dereva anayekimbizana na njano, akamvaa ubavuni mwenzake aliyekwisha ruhusiwa. Kwenye kipilefti kila mtu lazima akunje, na huwezi kukunja ukiwa kasi. Mkigongana, mara nyingi inaumia bampa tu.

Uingereza iliweka mwaka 1966 kanuni ya kumpisha aliye ndani ya mzunguko. Kabla ya hapo waliokuwa wakiingia waliweza kuuziba wenyewe. Mji wa Carmel, Indiana, Marekani, wenye watu kama 100,000, una vipilefti zaidi ya 150. Tena umeme ukikatika, kipilefti hakina habari.

Taa nazo zina mahali pake. Zenye mlio humwambia asiyeona wakati wa kuvuka. Kwenye kipilefti anabaki kubahatisha kwa sikio. Kipilefti pia hula eneo, hasa kona. Na foleni ikitoka upande mmoja asubuhi nzima, wa barabara ndogo hapati upenyo.

Mtaa wa makazi ningeupa kipilefti, kivuko kikisogezwa nyuma urefu wa gari moja, na kisiwa cha katikati ambapo mtembea kwa miguu anasimama kungoja. (Kipilefti chenye mistari miwili ya magari sikitaki, hapo nipe taa.)