Glenfarclas ya 1994 kutoka pipa moja: toti niliyokaa nayo saa nzima

Nipo Aberdeen mwaka wa sita sasa, na sijawahi kulipa hela nyingi hivi kwa kinywaji kimoja: pauni 45 kwa toti ya mililita 25. Nilidunduliza kwa ajili ya siku yangu ya kuzaliwa na nilijua ninachokitaka, Glenfarclas, wisiki ya Uskoti, ya mwaka 1994 katika zile wanazoziita Family Casks, yaani za pipa moja moja.

Wisiki nyingi za Uskoti huchanganywa kutoka mapipa mengi, kisha huongezwa maji mpaka kilevi kishuke kwenye asilimia 40 au 43, ili kila chupa ifanane na mwenzake. Hii hapana. Kilichotoka kwenye pipa ndicho kilichoingia kwenye chupa, na pipa likiisha ndiyo basi. Yangu ilipita asilimia 55, baada ya miaka zaidi ya ishirini ndani ya mwaloni uliowahi kubeba sheri, aina ya mvinyo wa Hispania. Aliyezoea Konyagi ya 35 apige hesabu mwenyewe.

Miaka ya nyuma, kwenye baa moja mjini, niliagiza wisiki kali wakanijazia barafu bila kuniuliza. Nikaambulia baridi na moto, ladha sikuiona. Safari hii niliomba glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, maji yasiyo ya baridi, na kijiko.

Hawatii rangi, kwa hiyo ule wekundu wa chai ya rangi iliyokolea ni wa pipa lenyewe. Niliiacha itulie dakika kumi. Usitumbukize pua yote, kilevi kitakupiga. Nusia pembeni huku mdomo umeachama kidogo. Zabibu kavu zilitangulia, ikafuata ngozi ya kiatu kipya, halafu sukari guru.

Funda la kwanza bila maji lilikuwa dogo sana, na bado ulimi ulikufa ganzi. Nyuma ya ule moto nilihisi karafuu na kahawa chungu, lakini kwa mbali, kama vile mtu anaongea chumba cha pili. Nikadondosha matone matano ya maji. Yalizama yakijinyonganyonga kama mafuta, kisha yakapotea. Nikanusa tena: halua! Halua ya moto yenye iliki, na ganda la chungwa juu yake. Nilishusha glasi mezani nikatabasamu peke yangu. Matone matano tu, na kinywaji kimekuwa kingine kabisa.

Nilipofika kama kumi ikazidi kulainika. Nikapata tamaa, nikamimina nusu kijiko, ikaanza kupwaya. Basi, kumi yanatosha; ya ziada unajiharibia mwenyewe.

Kasoro ninayo moja. Mwaloni umekolea mno mwishoni, unaacha ukakasi kwenye fizi kama umetafuna bibo. Mwenye kupenda wisiki laini hataipenda hii.

Ule uzito wake mdomoni, nadhani moto wa kiwandani nao unachangia. Familia ya Grant ilinunua kiwanda hicho cha Ballindalloch mwaka 1865 na bado ni chao. Mitungi yao sita ya shaba ya kuchemshia pombe inachomwa kwa moto wa gesi chini kabisa, wakati viwanda vingi vimehamia kwenye mvuke. Waliwahi kuujaribu mvuke wakaachana nao, ladha haikuwa ileile. Na wisiki iliyomo pipani huvukiza na kupungua kila mwaka ghalani, kwa Uskoti hukadiriwa asilimia 2 hivi. Miaka ishirini ya kupungua hivyo, bei naielewa.

Chupa nzima siinunui, sina uwezo huo. Toti nitairudia. Kama mfuko hauruhusu, chukua Glenfarclas 105, ina asilimia 60 na bei yake inashikika. Anza nayo kwa matone hayohayo, polepole, na ule kwanza ushibe.