Garmin G5 kwenye ndege ndogo ya zamani: skrini ni sehemu rahisi

Habari zenu watazamaji. Mezani leo tuna Garmin G5, kiskrini cha inchi 3 na nusu kinachomwonyesha rubani mkao na mwelekeo wa ndege, kinachoingia kwenye tundu lilelile la inchi 3 na 1/8 lililokuwa la jairo, kipimo cha zamani cha mkao wa ndege chenye gurudumu linalozunguka ndani. Kilitoka mwaka 2016, kwanza kwa ndege za kujitengenezea, na kabla mwaka huo haujaisha kikapata kibali cha kufungwa kwenye ndege za kawaida zenye cheti. Mwaka 2017 kikaruhusiwa pia kuchukua nafasi ya jairo ya mwelekeo. Kwa umri wa elektroniki huyu ni mtu mzima sasa, lakini bado wenye Cessna na Piper za zamani wanamuulizia, na wana sababu.

Tuseme mapema tunachokiona. Kifaa chenyewe ni kizuri. Ukisikia mtu analalamika kwamba G5 yake inadanganya mwelekeo, usikimbilie kulaumu skrini. Nenda bawani kaangalie magnetometa, kifaa kinachosoma sumaku ya dunia, kisha kaangalie ethi, njia ambayo umeme unarudia. Video hii kwa sehemu kubwa ni ya huko.

Kwanza, kwa nini mtu ang'oe jairo inayofanya kazi? Kwa sababu ya pampu ya vakyumu, inayovuta hewa ya kuzungusha jairo. Pampu kavu ina visu vya kaboni vinavyozunguka ndani ya kasha, na visu hivyo vikivunjika hakuna onyo: dakika hii geji inasoma inchi 5 za zebaki, dakika inayofuata sifuri. Ikiingiwa na mafuta kutoka kwenye sili ya injini inayovuja, au fundi akiosha injini na kuacha dawa iingie, maisha yake yanafupika zaidi. Kibaya zaidi ni kinachofuata. Jairo haisimami papo hapo. Inapoteza kasi polepole na upeo wake unaanza kulala upande kidogo kidogo, na rubani aliye mawinguni anaufuata huku akiamini yuko sawa. Geji ya vakyumu nayo mara nyingi imewekwa pembeni kabisa mwa paneli, mahali ambapo macho hayafiki. G5 haina kisu wala gurudumu linalozunguka, na ina betri yake ya akiba inayoweza kufika saa 4 altaneta ikikufia.

Sasa, kabla hujatoa pesa, fungua kitabu cha autopailoti yako. Hapa ndipo watu wanaumia. Ukiwa na King KAP 150 au KFC 150, ujue kwamba autopailoti hiyo inasoma mkao wa ndege kutoka kwenye jairo ya upeo, KG 258 kwa KAP 150 au KI 256 kwa KFC 150. Ukiing'oa na kuweka G5, autopailoti imekuwa kipofu, maana G5 haitoi ishara ile. Kwa ndege hiyo tazama GI 275, skrini nyingine ya Garmin, kuna toleo lake lililotengenezwa kuzungumza na autopailoti za namna hiyo. Ukiwa na autopailoti ya S-TEC ni hadithi nyingine: nyingi kati ya hizo hazijali jairo ya upeo, zinachukua kiwango cha kugeuka kutoka kwenye tani kodineta, kipimo kinachoonyesha ndege inageuka kwa kasi gani. Kwa hiyo unaweza kuweka G5 mahali pa jairo ya upeo bila shida, ila usikubali fundi aitoe tani kodineta eti imepitwa na wakati. Ndiyo jicho la autopailoti hilo. Na kama unaota autopailoti ya GFC 500 ya Garmin siku za mbele, G5 ni mojawapo ya skrini zinazokubalika nayo, basi pesa yako haijapotea.

Redio nazo ziulizwe. G5 ikifanya kazi ya HSI, yaani kuonyesha mwelekeo na njia kwa pamoja, inahitaji adapta ya GAD 29 ili ipokee data za kidijitali za ARINC 429 kutoka kwenye redio ya GPS kama GNS 430W au GTN. Bila adapta hiyo unapata mstari wa njia ya GPS kupitia waya wa data wa RS-232, lakini usitegemee mwongozo wa kushuka. Redio ya analogi kama KX 155 haiongei na G5 kabisa, hivyo kiashiria chake cha VOR na ILS, mawimbi ya redio ya kuongoza njia na kutua, kinabaki palepale. Tunasisitiza kwa sababu watu huuza kiashiria cha zamani mapema, halafu wanakitafuta.

Haya, nyaya. G5 mbili (moja ya upeo, moja ya mwelekeo), magnetometa ya GMU 11 na adapta zote huunganishwa kwa basi moja ya CAN, njia ya pamoja ya data: waya mbili zilizosokotwa, zenye kinga ya nje, zinazopita kifaa kimoja hadi kingine kama mnyororo. Si matawi ya mti. Mwisho wa kila upande panakaa kizuizi cha omu 120. Kosa la kawaida ni kusahau kimoja au kuongeza cha tatu katikati ya njia, na dalili zake zinachanganya: skrini zinapoteza mwelekeo kwa sekunde mbili kisha unarudi, au zinaonana ardhini na kupotezana angani. Kulikagua ni kazi ya dakika moja. Zima kila kitu, pamoja na G5 zenyewe maana zina betri, weka multimita kati ya CAN ya juu na CAN ya chini. Ikisoma omu 60 au karibu na hapo, safi. Ikisoma 120, upande mmoja hauna kizuizi au waya umekatika njiani. Ikisoma 40, una vizuizi vitatu. Mwombe fundi akuonyeshe namba hiyo kabla hajafunga paneli. Fundi mzuri hatakasirika.

Waya ziwe za ndege, Tefzel, si za PVC za nyumbani ambazo zikiungua zinajaza moshi mzito ndani ya chumba cha rubani. Pini zibanwe kwa koleo yake maalumu, na kila moja ivutwe taratibu kwa mkono kabla ya kuingia kwenye konekta. Halafu, hili wengi hulipita: kazi ya nyuma ya paneli ikiisha, vuta usukani hadi mwisho, sukuma hadi mwisho, zungusha kulia na kushoto, huku mtu mwingine akimulika tochi chini ya paneli. Mhimili wa usukani haupaswi kugusa hata kifungio kimoja cha plastiki. Waya unaosuguliwa leo utakatika baada ya miezi, na usukani unaonasa ni balaa la siku hiyohiyo.

Tufike bawani. GMU 11 hupima uga wa sumaku wa dunia, ambao ni dhaifu mno, kwa hiyo chuma na mkondo wa umeme ulio karibu vinaupoteza. Kabla ya kutoboa tundu lolote, chukua dira ndogo ya mkononi, ipitishe polepole pale unapokusudia kuifunga. Sindano ikicheza, kuna chuma hapo, tafuta sehemu nyingine. Skrubu zote za jirani ziwe za aina isiyoshika sumaku, na uzijaribu kwa sumaku kweli, usiamini jina. Skrubu za chuma cha pua nyingine hushika kidogo. Bisibisi yenye ncha ya sumaku isikaribie kabisa.

Adui mkubwa hapa ni taa za bawani. Balbu ya kawaida ya taa hiyo kwenye mfumo wa volti 14 huvuta karibu ampea 2, na kwenye ndege nyingi za zamani mkondo unaenda kwa waya lakini unarudi kupitia mwili wa bawa lenyewe. Waya unaokwenda peke yake huzungukwa na uga wake wa sumaku, na magnetometa haijui tofauti kati ya huo na wa dunia. Matokeo yake unawasha taa jioni na mwelekeo unahama. Dawa ni kuvuta waya wa kurudi na kuusokota pamoja na wa kwenda, ili sumaku za mikondo miwili inayopingana zifutane. Kubadilisha balbu kuwa LED kunasaidia kwa kuwa mkondo unapungua, lakini LED yenye sakiti mbovu huleta kelele kwenye redio, kwa hiyo usokotaji ndio tunaoupenda zaidi. Hita ya pitoti (mrija wa kupimia kasi ya hewani) na mota ya flapi zina tabia hiyohiyo, tena zinavuta zaidi.

G5 yenyewe ina jaribio la mwingiliano wa sumaku kwenye menyu ya usanidi. Unawasha na kuzima kila kifaa kwa mpangilio na muda uliopangwa, nayo inakuambia umefaulu au umefeli. Lifanye injini ikiwa inafanya kazi, na usiruke hatua ya kuchezesha usukani. Kwa nini usukani? Kwa sababu kebo za eleroni, vipande vya bawani vya kulaza ndege upande, ni za chuma, na kebo ya zamani inaweza kuwa imegeuka sumaku. Ukizungusha usukani sumaku hiyo inatembea mbele ya magnetometa, na mwelekeo unayumba digrii kadhaa huku ndege imesimama tuli. Ukiona hivyo usibadilishe magnetometa. Kebo ipitishiwe koili ya kuondoa sumaku, au magnetometa ihamishwe.

Baada ya hapo ndipo usawazishe dira ya G5. Ndege itolewe mbali na hangari, magari na sakafu yenye nondo, igeuzwe duara kipande kwa kipande, ukisimama pale skrini inapokuambia usimame. Watu wenye haraka hufanya hivi mlangoni mwa hangari, halafu wanalaumu kiwanda.

Upande wa pitoti na statiki (mrija wa shinikizo la hewa tulivu ya nje) ni mfupi ila hauna msamaha. G5 huunganishwa na mirija yote miwili, na kasi ya hewani pamoja na GPS huisaidia kujua mkao, kwa hiyo ipe vyote. Utepe wa kuziba uzi usifunike uzi wa kwanza wa kiungo, la sivyo vipande vyake vinaingia ndani ya mrija. Mfumo wa statiki ukishafunguliwa, lazima upimwe uvujaji. Kipimo cha Marekani kwa ndege isiyo na shinikizo la kabini kinaeleweka upesi: pandisha altimita futi 1,000 juu ya hapo ulipo kwa kuvuta hewa kwenye statiki, ziba, subiri dakika 1, isipoteze zaidi ya futi 100. Usivute wala kupuliza kwa mdomo. Kipimo cha mwendo kinachovutwa upande mmoja kwa nguvu huharibika. Altimita na kipimo cha mwendo vya zamani havitolewi: kwenye ndege yenye cheti ndivyo vya msingi, namba za G5 ni za nyongeza.

Kuna pia raba za paneli. Ndege nyingi za miaka ya nyuma paneli yake inaning'inia kwenye raba za kupunguza mtikisiko, na raba hizo zinachoka na kupasuka. G5 ikifeli jaribio la mtikisiko la injini, au upeo ukicheza kwenye mizunguko fulani tu ya injini, anza na raba. Ni kitu cha bei ndogo kinachofanana na ugonjwa mkubwa.

Pampu ya vakyumu ikiondolewa, tundu lake kwenye injini hufunikwa kwa bamba na gasketi mpya, vinginevyo utavuja mafuta. Mirija yote iende, geji iende, na uzito na mizani ya ndege viandikwe upya. Nyongeza ya kitabu cha ndege nayo ikae ndani ya ndege, si kwenye droo ya karakana.

Matunzo? Machache. Hakuna database ya kulipia. Skrini ifutwe kwa kitambaa laini na kisafishio kisicho na amonia, kwa kuwa ina utando wa kuzuia mng'aro. Kila ukaguzi wa mwaka zima masta swichi ardhini, iambie G5 iendelee kwa betri, na uangalie inadumu kiasi gani. Betri iliyochoka hujionyesha hapo. Programu husasishwa kwa kadi ndogo ya kumbukumbu, na ukiwa na G5 mbili zote ziwe na toleo moja.

Kuhusu GI 275, ambayo ilitoka 2020: inapokea analogi, inaelewana na autopailoti nyingi za zamani, na inaweza hata kuwa kipimo cha injini. Lakini betri yake ni ya dakika 60, na skrini ya kugusa, hewa ikichafuka, si raha kama kitufe cha kuzungusha cha G5. Kwa ndege isiyo na autopailoti au yenye S-TEC, tungechukua G5 mbili bila kusita, kwa sababu ya chini inaweza kugeuzwa kuonyesha upeo ile ya juu ikifa. Kwa mwenye KFC 150 au KX 155 anayoipenda, GI 275.

Siku ya kuichukua ndege karakana, ruka mchana wa hali nzuri. Linganisha mwelekeo wa G5 na mwelekeo wa barabara ya kurukia unapojipanga, taa zote zikiwa zimezimwa, kisha zote zikiwashwa. Ukiwa juu, washa hita ya pitoti, shusha flapi, bonyeza kitufe cha redio na uongee, kimoja kimoja, ukitazama namba ya mwelekeo. Ikihama zaidi ya digrii moja au mbili, andika ni kifaa gani kilichoihamisha. Ukirudi, mpe fundi karatasi hiyo kabla hujalipa salio.